Matangi Mawili ya Petroli kwa Ndege ya Kujiundia: Tathmini ya Karakana Moja ya Mtoni

Kwa miaka mitatu sasa mimi na mwenzangu mmoja, aliyestaafu kazi ya ufundi wa ndege, tunaunda ndege ndogo ya viti viwili katika banda lililopo uani kwangu, Fuoni, Unguja. Ndege yenyewe inafuata michoro ya Zenith CH 701, aliyoibuni Chris Heintz, yenye mabawa juu ya kichwa cha rubani na matangi mawili ya petroli yaliyofichwa ndani ya mabawa hayo, kila moja likichukua lita 38 hivi. Kazi nyingi ya bati tumeifanya wenyewe kwa mkasi na ribiti. Matangi hatukuthubutu. Bati la bawa lililopinda huonekana kwa macho na hurekebishwa, lakini mshono wa tangi wenye kasoro hujificha mpaka siku petroli inapoanza kudondokea mahali penye nyaya za umeme; kwa hiyo tuliamua kumtafuta mtu ambaye kuchomelea alumini ndiyo riziki yake ya kila siku.

Mtu huyo tulimpata baina ya Maruhubi na Mtoni, pembezoni mwa barabara iendayo Bububu, katika karakana inayotengeneza matangi ya boti za utalii na za uvuvi. Jina lake silitaji, kwa ombi lake mwenyewe: hataki watu wadhani kwamba amegeuka fundi wa vyombo vya angani, nami naona ana haki, kwa sababu ndege yetu haijaruka wala haitaruka mpaka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania iikague na kuiidhinisha. Hukumu yangu naitanguliza ili msomaji mwenye haraka asipoteze muda. Mishono ya fundi huyu, ikifanywa katika hali ya hewa inayofaa, ni mizuri kuliko nilivyotarajia, na nitampelekea kazi nyingine. Ila kila tundu linalotobolewa katika tangi la ndege, liwe la kuingizia hewa, la kutolea petroli au la kutolea maji, lazima mteja aje na mchoro wake na asimame juu yake mpaka litobolewe, kwa sababu mazoea ya boti katika jambo hilo hayafai hata kidogo.

Nianze na bati, maana hapo ndipo tulipobishana kwanza. Sisi tulikwenda na bati letu, alumini ya daraja la 5052 yenye unene wa milimita 1.5, tuliyoiagiza kutoka Dar es Salaam pamoja na cheti chake. Daraja hili lina magnizi kiasi cha asilimia 2.5, linakubali kuchomelewa, linakunjika bila kupasuka na linastahimili hewa ya chumvi, ndiyo sababu linatumika katika boti na katika matangi ya ndege vilevile. Bati la 2024, ambalo ni imara zaidi na limetumika sana katika maganda ya ndege, lina shaba ndani yake, hupasuka likichomelewa na huliwa upesi na chumvi. Na lile la 6061 hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kandokando ya mshono kwa sababu nguvu hizo zilitokana na kupashwa moto na kupozwa kiwandani. Fundi alilipokea bati letu, akaligonga kwa ukucha, akasema, "Maalim, hili ni la sufuria. Mimi kwenye boti natumia milimita tatu." Nilimfanyia hesabu ukutani kwa chaki, kwani nilisomesha fizikia skuli kwa miaka mingi na tabia haiachi. Sanduku la sentimita 70 kwa 36 kwa 15 lina eneo la bati la mita za mraba 0.82, kwa hiyo kwa milimita 1.5 lina uzito wa kilo 3.3, na kwa milimita tatu uzito huo unakuwa maradufu. Kwa matangi mawili tungebeba kilo 6.6 za bati la ziada, ambazo ni sawa na uzito wa lita tisa za petroli. Mwenye boti hazihisi kilo hizo, lakini katika ndege ndogo ni kama dakika ishirini za kuruka. Alikubali, ingawa kwa uso wa mtu anayemkubalia mzee tu.

Bei ilikuwa shilingi 380,000 kwa kila tangi, bila ya bati, nayo naiona ya haki. Ahadi ilikuwa siku kumi na kazi ilichukua wiki tano. Karibu nusu ya ucheleweshaji huo nauhesabu kuwa kosa letu, kama nitakavyoeleza.

Kosa letu lilikuwa kupeleka kazi wakati wa masika. Alumini ina mambo yake ambayo mtu aliyezoea chuma hayajui. Yenyewe huyeyuka kwa nyuzi 660, lakini ngozi yake ya oksidi, isiyoonekana kwa macho, huyeyuka kwa nyuzi zinazopita 2,000. Fundi asiyeikwangua ngozi hiyo huishia na mshono uliokumbatia uchafu ndani yake. Fundi wetu analijua hilo vizuri. Anatumia mashine ya tigi, inayoyeyusha bati kwa cheche ya umeme, na gesi ya agoni ya kuukinga mshono na hewa, ana brashi ya nyaya zisizoshika kutu aliyoitenga kwa alumini pekee na ambayo hakuna kijana anayeruhusiwa kuigusisha na chuma, na waya wake wa kujazia ulikuwa wa daraja la 5356 unaolingana na bati letu. Asilolitia maanani ni unyevu. Alumini iliyoyeyuka hunywa hidrojeni kwa wingi, na inapoganda huitapika. Hidrojeni hiyo ikikosa njia ya kutokea hubaki ndani ya mshono kama viputo. Inatoka wapi? Inatoka katika maji: ukungu uliotanda juu ya bati lililolala usiku karibu na bahari, jasho la kiganja, waya uliohifadhiwa katika mfuko ulio wazi. Mwezi wa Aprili pale Mtoni, mvua ikiwa inanyesha nje ya mlango na bati limeegemezwa ukuta wenye majimaji, hali ilikuwa kana kwamba tumeamua kwa makusudi kuutia mshono viputo.

Tangi la kwanza lilikuwa zuri kwa kulitazama. Mshono ulipangika kama magamba ya samaki, sawasawa kona hadi kona. Lilipojazwa maji, vitundu vinne vilivyo vidogo kuliko ncha ya sindano vilitoa matone kwenye pembe ya nyuma, na kimoja zaidi kikajitokeza tulipolikausha bati na kulipaka sabuni. Kwa tangi la boti, fundi aliniambia kwa uaminifu kabisa, angepitisha moto tena juu ya vitundu hivyo au angevifunika kwa gundi ya epoksi, na mteja angeondoka ameridhika. Mwenzangu naye alikumbuka dawa ya zamani, ile rangi ya kumimina ndani ya tangi na kulizungusha mpaka ikaenea kuta zote. Zote mbili nilizikataa. Gundi iliyobandikwa nje ya kitundu inasukumwa na petroli kutoka ndani kila siku, na rangi ya ndani, hasa ikikutana na petroli iliyochanganywa na alkoholi au ikipakwa juu ya bati lisilosafishwa barabara, huweza kubanduka baada ya miaka na vipande vyake vikaenda kuziba chujio. Jahazi likivuja, maji huingia, baharia akayafua kwa ndoo huku safari inaendelea, na likifika pwani hukalafatiwa upya. Tangi la ndege likivuja, petroli hutoka, tena hutokea juu ya kichwa chako, na hapana ndoo ya kuifulia.

Kwa sifa ya fundi, hakubisha muda mrefu. Alilikata tangi lile katikati kwa msumeno mbele yetu, tukautazama mshono kwa ndani, na viputo vikaonekana waziwazi kama mkate wa mofa. Tukakubaliana asubiri mvua zipungue, bati lipigwe asetoni na kupashwa joto la kiasi kabla ya kila mshono ili unyevu ukimbie, na waya utunzwe katika bomba lenye kifuniko. Bati la tangi lililokatwa tulilipa sisi, kazi hakutudai. Matangi mawili yaliyofuata yalichomelewa mwezi wa Juni, upepo wa kusi ukivuma mkavu, na hayakutoa hata tone.

Upimaji ndiyo sehemu niliyoifurahia zaidi, nayo inastahili maelezo marefu kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Kanuni za Marekani za ndege ndogo, katika Sehemu ya 23 kama ilivyokuwa kabla ya kuandikwa upya mwaka 2017, zilitaka tangi la kawaida la bati lihimili shinikizo la pauni 3.5 kwa kila inchi ya mraba. Kanuni hiyo hailazimishi ndege ya kujiundia, lakini sikuona sababu ya kuchagua kipimo kilicho chini yake. Karakana ilikuwa na desturi ya kuunganisha kompresa moja kwa moja na tangi na kusikiliza. Kipimo cha kompresa ile kilianza kusomeka kwenye pauni 10, yaani mshale ulipoanza kutikisika tangi letu lingekuwa limeshatanuka kama puto. Shinikizo la pauni 3.5 linasikika dogo, ila juu ya bati la sentimita 70 kwa 36 linasukuma kwa nguvu ya uzito wa kilo 620, na hewa iliyobanwa ikipata upenyo hupasua kila kitu kwa ghafla.

Tulitumia maji badala yake. Tangi hujazwa maji mpaka hewa yote itoke, huungwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, na mpira huo hupandishwa ukutani huku ukijazwa maji. Maji yakifika kimo cha mita 2.46 juu ya tangi, shinikizo ni pauni 3.5 kamili, bila kompresa wala kipimo cha kununua. Mshono ukiachia, maji hayana nguvu iliyojikusanya kama hewa, kwa hiyo hudondoka tu. Fundi alipouona mpira ule umefungwa kwenye nguzo ya paa alicheka, kisha akauliza kama anaweza kuupima vivyo hivyo mzigo wa matangi ya boti uliokuwa ukingoja, na nadhani tangu siku hiyo anafanya hivyo. Tangi letu lilifutuka kidogo katikati ya bati la juu na likarudi lilipopunguziwa maji. Hilo ndilo nililotaka kuliona.

Baada ya kukaushwa lilipimwa kwa hewa, sasa kwa shinikizo dogo sana, sentimita 70 za maji katika mpira uliopindwa kama herufi U, ili kutafuta vitundu ambavyo maji hayapenyi lakini petroli hupenya. Saa kumi alasiri tuliweka alama. Magharibi maji yalikuwa yameshuka sentimita 12. Nilivunjika moyo, nikaanza kupaka sabuni upya kila pembe, na fundi ananitazama. "Limepoa hilo, Maalim," alisema. "Liache mpaka kesho." Nilisomesha kanuni za gesi kwa miaka yote ile na sikuikumbuka mwenyewe: hewa iliyofungwa ndani ya tangi ikipoa kwa nyuzi moja tu, shinikizo hushuka kwa zaidi ya sentimita tatu za maji. Nyuzi tatu na nusu za ubaridi wa jioni zilitosha kueleza upungufu wote. Asubuhi, jua lilipolipasha bati, maji yalirudi kwenye alama na kuipita. Anayepima tangi lake na alipime kivulini, ndani ya nyumba, na awe na kipimajoto kando.

Kuhusu viwambo vya ndani, vile vinavyozuia petroli isikimbie upande mmoja ndege inapoinama, kazi ilikuwa nzuri lakini haikukamilika. Kila tangi lina viwambo viwili. Petroli ya tangi lililojaa ina uzito wa kilo 27, na zikikimbilia kwa pamoja mwisho wa bawa hubadilisha mizani ya ndege na, lililo baya zaidi, huliacha tundu la kutolea likinywa hewa. Fundi alitoboa matundu makubwa katikati ya viwambo, kama afanyavyo kwenye boti, ila alisahau kukata pembe zake. Pembe za chini zisipokatwa, petroli ya mwisho hufungiwa nyuma ya kiwambo, na maji pia. Pembe za juu zisipokatwa, hewa hujibana na tangi halijai. Tuliligundua jambo hili kabla bati la juu halijafungwa, kwa bahati tu, kwa sababu siku ile mwenzangu alikuwa amekwenda kumpelekea fundi halua.

Sasa nafika kwenye tundu la hewa. Injini ikinywa petroli, hewa yenye ujazo uleule lazima iingie ndani ya tangi. Ikikosa njia, shinikizo la ndani ya tangi huanza kushuka, petroli hupungua kasi, na kuta za bati huvutwa ndani: kwa tangi letu, upungufu wa kilopaskali mbili tu hukandamiza bati la juu kwa nguvu ya kilo 51. Kwenye boti, mrija wa hewa hupindwa kuelekea chini na nyuma ili mawimbi yasiingie, na hivyo ndivyo fundi alivyoukunja wa kwanza bila kuuliza. Kwenye ndege, mrija huelekezwa mbele, ukipokea upepo, ili tangi lisukumwe kidogo badala ya kunyonywa. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, upepo huo unatoa shinikizo la sentimita 4.7 za maji, ambalo ni kama kuinua petroli kwa sentimita sita na nusu. Kiasi hicho ni kidogo, na ndiyo maana kina hatari yake: laiti tangi la kulia lingekuwa na mrija unaotazama mbele na la kushoto unaotazama nyuma, moja lingekauka huku jingine limejaa, na rubani asingejua sababu. Fundi alitengeneza mirija mipya miwili, sawa kwa urefu na kwa pembe, na hakuongeza bei.

Kilichobaki ni nyigu. Anayeishi visiwani anawajua wale wanaojenga kwa udongo. Ukiacha tundu la ufunguo wiki mbili utalikuta limezibwa. Ndege ya Boeing 757 ya shirika la Birgenair ilianguka karibu na Puerto Plata tarehe 6 Februari 1996, wakafa watu wote 189, na wachunguzi waliona kuwa mrija wake mmoja wa kupimia mwendo ulizibwa, wakiwashuku nyigu wa aina hiyo, kwani ndege ilikaa chini siku kadhaa bila mirija kufunikwa. Ule haukuwa mrija wa tangi, lakini nyigu hatofautishi. Tulimwomba fundi atoboe tundu dogo la akiba upande wa nyuma wa mrija, juu zaidi, ili ukizibwa mdomo hewa ipate mlango mwingine, na midomo ya mirija tunaifunika kwa vitambaa vyekundu vyenye mkia mrefu usioweza kusahaulika. Nimeshaondoa udongo mara moja, banda likiwa limefungwa.

Koki nayo ilituletea mjadala. Kwenye boti, koki huchomekwa juu ya tangi lenyewe, na karakana ilikuwa imeshatuandalia mbili nzuri. Lakini tangi letu lipo ndani ya bawa, na koki ya hapo rubani angeifikia kwa kutoa mkono nje. Nilimsimulia fundi habari ya mwanamuziki wa Marekani John Denver, aliyeanguka tarehe 12 Oktoba 1997 katika Ghuba ya Monterey, California, akiwa na ndege ya kujiundia ya aina ya Long-EZ. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilieleza kuwa aliyeiunda ndege ile, ambaye hakuwa Denver, aliiweka koki ya kuchagulia tangi nyuma ya bega la kushoto la rubani, mahali pagumu kufikika na pasipo na alama, na kwamba rubani alipokuwa akijaribu kuigeuza alikanyaga bila kukusudia pedali ya kulia ya usukani wa mkia, ndege ikamshinda. Chanzo hakikuwa tundu wala ufa wa tangi. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akazirudisha koki zake rafuni, na sisi tukaiweka koki moja baina ya viti viwili, inapoonekana na kufikiwa kwa mkono wowote.

Katika viungio vya mabomba nashauri mteja asimamie kila kimoja. Viungio vya ndege vina mdomo uliotanuliwa kwa nyuzi 37, na vya magari kwa nyuzi 45. Vinashikana vya kutosha kukudanganya, kisha vinavuja. Vijana wa karakana pia hupenda kuzungushia utepe mweupe wa mafundi bomba kwenye kila uzi wa parafujo. Petroli huvikata vipande vya utepe huo na kuvipeleka kwenye kabureta. Chujio la ndani ya tundu la kutolea walilitengeneza vizuri sana, wavu wa nyaya kumi kwa inchi ulioviringwa kama kidole, wenye eneo la wazi linalozidi mara tano ya tundu la bomba, sawasawa na kanuni nilizozitaja. Hapo sina la kulaumu.

Chini kabisa ya tangi pana kikombe cha kukusanyia maji. Kanuni zilezile ziliagiza kikombe kichukue angalau asilimia 0.25 ya tangi au sehemu moja ya 16 ya galoni, kile kilicho kikubwa. Kwa tangi dogo kama letu hiyo ni karibu robo lita. Fundi alikiona kikubwa mno. Hewa yetu ya pwani, yenye joto mchana na umande usiku, huacha maji ndani ya tangi lililojaa nusu, na maji kwa kuwa mazito kuliko petroli huteremka chini yakingoja kunywewa na injini. Jambo jingine ni nafasi ya kutanukia, asilimia mbili ya tangi, ambayo kwetu ni lita 0.76. Petroli iliyotiwa ikiwa na nyuzi 25 na kuachwa juani ndani ya bawa mpaka nyuzi 45 hutanuka kwa takriban lita 0.7. Aliyeandika kanuni ile hakukisia. Mdomo wa kujazia uliteremshwa kidogo ndani ya tangi ili nafasi hiyo isiweze kujazwa hata na mtu mwenye pupa.

Lawama yangu ya mwisho ni ya vitu vidogo. Karakana ilitupa, bila malipo, vipande vya sponji vya kulalishia matangi ndani ya mabawa. Sponji hunywa maji ya chumvi na kuyashikilia juu ya alumini mwaka mzima, na tangi huliwa kutoka nje mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Tuliziweka kando, tukatumia mpira usionyonya maji na usiodhuriwa na petroli.

Matangi yote mawili sasa yamo ndani ya mabawa. Wiki iliyopita tulipima mtiririko, tukiwa tumefunga waya baina ya dumu, faneli ya chuma na bawa ili umeme wa msuguano usiruke, na mkia umeshushwa chini ili ndege ikae kama inayopanda. Injini yetu, Rotax 912 ULS ya nguvu za farasi 100, hunywa lita 27 kwa saa inapopaa, na mfumo unaotegemea mteremko peke yake hutakiwa kutoa mara moja na nusu ya kiasi hicho, yaani lita 40.5. Lita kumi kutoka tangi la kulia zilitoka kwa dakika 11, na ukomo wetu ulikuwa dakika 14 na sekunde 48. La kushoto lilichukua dakika 13 na nusu. Limefaulu, ila tofauti hiyo hainipendezi. Nashuku kona moja ya bomba iliyopindwa mno, ambayo ni kazi ya mikono yetu na haimhusu fundi, na Jumamosi tutaifungua.

Anayetaka kumpelekea kazi aende baada ya masika, asubuhi, na bati lake na michoro yake. Ijumaa hufunga saa tano.